Nilichoomba na Nilichopewa

Nilizaliwa Matsangoni mwaka 1994, upande wa baharini wa barabara kuu inayotoka Mombasa kwenda Malindi, kwenye njia za mchanga zinazoelekea Uyombo. Nilitembea kama watoto wengine hadi nilipofika umri wa miaka minne. Kisha nikashikwa na homa kali, na iliponiachilia miguu yangu ilikuwa imelegea. Hawe, mamake baba, alisema ni nyuni, pepo anayeshika watoto. Jirani alisema ni mkono wa mtu. Nilipelekwa kwa waganga, mmoja baada ya mwingine, hadi mbuzi wakaisha zizini, halafu nikapelekwa kwenye mikutano ya maombi. Simlaumu hata mmoja. Kila aliyenibeba siku hizo alinibeba kwa kuwa alinipenda na hakujua kwingine pa kunipeleka.

Baada ya hapo nilikaa ndani. Mama akienda shamba alinifungia mlango, na wageni wakija alinihamishia chumba cha nyuma, nami nikajifunza kunyamaza mpaka waondoke. Nilikua nikiamini kwamba ananionea aibu. Miaka mingi baadaye aliniambia alichokuwa akiogopa: walikuwako watu waliosema mtoto wa namna yangu hulemaa kwa makosa ya wazazi, na hakutaka niyasikie maneno hayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza mzazi au jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu kiasi cha kumnyima huduma na nafasi anazostahili, na ikaweka faini isiyozidi shilingi 20,000. Nilipomweleza mama habari hiyo, nikiwa tayari mtu mzima, alikaa kimya kwanza, kisha akaniuliza, "Na hiyo sheria ilimtuma nani aje aniambie?" Sikuwa na jibu, na swali lake ninalo mpaka leo.

Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Kwetu habari ilifika kwa redio, na baba akaamua siku hiyohiyo kwamba nitasoma. Nilikuwa nakaribia miaka tisa. Dada yangu mdogo alikuwa na saba. Tuliandikishwa darasa la kwanza pamoja, naye akaambiwa sababu waziwazi: wewe ndiwe utakayemsukuma kakako. Mwanzoni alinisukuma kwa wilbaro ya kuazima, nimekalia gunia. Baadaye wageni wa kanisa walituachia kiti cha magurudumu kilichokwisha kutumika. Anayeijua Matsangoni anaujua mchanga wetu. Gurudumu jembamba huzama, na kila lilipozama mtoto yule alilazimika kukigeuza kiti na kunikokota kinyumenyume. Tulichelewa karibu kila siku. Mimi sikuadhibiwa, kwa sababu ya hali yangu. Yeye aliadhibiwa. Nilikuwa nikimwona kupitia dirishani akiokota takataka uwanjani, nami nimeshakaa darasani na daftari limefunguliwa, na sikusema neno.

Mlangoni mwa kila darasa palikuwa na ngazi mbili, na choo kilikuwa na mlango mwembamba kuliko kiti changu. Ili nijisaidie ilinibidi nishuke, nivae ndara mikononi, nitambae kwenye sakafu yenye maji ambayo si maji matupu. Nikaacha kunywa chochote tangu asubuhi hadi nirudi nyumbani. Niliishi hivyo kwa miaka, na kwa miaka hiyo ugonjwa wa mkojo haukuniacha. Sikumwambia mwalimu, sikumwambia mama. Niliona kukubaliwa shuleni ni hisani tosha, na mtu aliyekwisha kufanyiwa hisani haongezi ombi juu yake.

Sensa ya Agosti 2009 ilinikuta darasa la saba. Karani alipouliza kama nyumbani mna mtu mwenye ulemavu, mama alinitazama. Nilikuwa nimeketi mkekani, miguu imefunikwa kwa leso. Nilimtikisia kichwa, naye akasema hapana. Kwa hiyo zamani mama alinificha, lakini usiku ule nilijificha mwenyewe. Sensa hiyo ilitoa hesabu ya Wakenya wenye ulemavu kuwa takriban milioni 1.3, yaani asilimia 3.5 ya watu wote. Mimi simo katika hesabu hiyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilizinduliwa, na sisi wa darasa la nane tukaikariri kwa ajili ya mtihani: kaunti ngapi, maseneta ni nani, gavana ni nani. Hakuna aliyetuonyesha Kifungu cha 54, kinachohusu haki za watu wenye ulemavu. Matokeo ya mtihani yalipotoka dada yangu alikuwa amepata alama nzuri kuniliko, akaitwa shule ya bweni ya wasichana, mbali na kwetu. Mimi niliitwa ya kutwa karibu na nyumbani. Wazazi walikaa usiku mmoja wakizungumza, na asubuhi dada akaambiwa atajiunga na ya kutwa pamoja nami. Nilikuwapo alipoambiwa. Nililiona jambo hilo kuwa sawa kabisa. Sikujiuliza hata mara moja lilimgharimu nini.

Ndugu msomaji, naomba ulishike hilo, kwa maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya uchaguzi wa 2013 mwanasiasa mmoja aligawa viti vya magurudumu uwanjani. Tulipangwa mstari juani tangu asubuhi. Kiti nilichopewa kilikuwa cha mtu mkubwa kuniliko, cha magurudumu madogo ya mbele yanayofaa sakafu ya saruji, na hakikumaliza muhula kwenye mchanga wetu. Lakini siku ile nilipewa kipaza sauti nishukuru, nami nilishukuru hadi sauti ikanikauka. Nilimtakia mtu yule maisha marefu, ushindi na baraka za wanawe. Kisha dada akanisukuma hadi nyumbani, jasho likimtiririka, na nilipofika nikamwambia alete maji.

Kanisani nako nilibebwa mbele kila mkutano wa injili ulipofika. Nimewekewa mikono na wahubiri wengi. Nilipokosa kusimama niliambiwa imani yangu ni haba, nami nikaamini. Simcheki yeyote aliyeniombea, na bado naomba. Nasema tu kwamba kwa miaka yote hiyo kanisa letu lilikuwa na ngazi tatu mlangoni.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2014 na kurudi kukaa chini ya mkorosho. Vijana wenzangu waliingia kwenye boda, wengine kwenye uvuvi, wengine Mombasa. Siku zilipita nami nikitazama barabara.

Mwaka 2016 maafisa wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu walikuja katika ofisi ya chifu kuandikisha watu. Sikutaka kwenda. Niliona kuandikishwa ni kutiwa muhuri. Mama na dada ndio waliosisitiza, na hata tulipofika nilijiweka nyuma, penye kivuli. Afisa alimuuliza mama jina langu, umri wangu, nimesoma hadi wapi, na mama akajibu yote kama alivyozoea. Jirani yetu pale benchini alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu asiyeona, mwenye fimbo nyeupe. Akasema kwa upole, "Mama, tafadhali, mwache kijana ajibu mwenyewe. Ulimi anao."

Tulipokuwa tukingoja zamu, mzee yule alinieleza Kifungu cha 54 bila karatasi. Kwamba nina haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyonidhalilisha. Kwamba nina haki ya kufika mahali pa umma, kupanda usafiri wa umma, kupata habari, kusoma katika shule za kawaida kadiri inavyowezekana, kupata vifaa vya kunisaidia. Kwamba nafasi 5 kati ya kila 100 katika vyombo vya umma, za kuchaguliwa na za kuteuliwa, zinapaswa kuwafikia hatua kwa hatua watu wenye ulemavu. Kwamba Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zetu tangu mwaka 2008. Kwamba sheria ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha, na wenye magari ya abiria miaka 2, tangu vifungu hivyo vianze kutumika. Nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nchi nyingine.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu. "Choo cha shule ulikuwa ukikiingiaje?"

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia, kwa maana palikuwa na watu. Nikataja ndara za mikononi na maji niliyokuwa siyanywi. Mama alikuwa pembeni yangu akiyasikia kwa mara ya kwanza. Mzee alinyamaza, akanitafuta mkono, akaushika. Akasema, "Hayo hukupaswa kuyaomba, wala hukupaswa kuyavumilia."

Ndipo nilipogeuka. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, nilisikia sauti ya mzee kwenye benchi la chifu, lakini sina shaka ilitumwa. Nilikwenda hospitali Kilifi mjini kupimwa ulemavu wangu, nikasubiri, na hatimaye nikapata kadi.

Natamani niseme kwamba tangu siku hiyo nikawa mtu mwema. Sivyo ilivyokuwa. Nilitoka pale na hasira ya miaka yote kwa mpigo mmoja. Nikawa kama mdai aliyeshika daftari la madeni, na kila niliyemwona alikuwa amekopa. Niligombana na makanga aliyetaka kiti changu kilipiwe nauli ya abiria, na pale nilikuwa na haki. Niligombana na wazee wa kanisa juu ya ngazi zao, na pale pia nilikuwa na haki, ingawa maneno niliyotumia sitayarudia. Lakini daftari hilo niliingia nalo hadi nyumbani. Mama akichelewesha chai, nilimsomea haki zangu. Dada akisema amechoka, nilimwambia kuwa wananchi kama yeye ndio wanaowarudisha nyuma watu wenye ulemavu. Nilimwambia hivyo yeye, aliyenisukuma tangu akiwa na miaka saba.

Mwaka 2018 alipata kazi ya nyumbani Saudi Arabia, kupitia wakala wa Mombasa, kama wasichana wengi wa pwani yetu. Aliniambia usiku wa kuamkia safari akikunja nguo zake. Sikumuuliza kama anaogopa. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Sasa nani atanisukuma?" Akasema, "Kaka, sijui," akaendelea kukunja.

Wiki zilizofuata niliona ni nini nilichokuwa nacho. Kanisani sikwenda, kwa hiyo nilijisomea Biblia nyumbani, nikafika kwenye Injili ya Marko, sura ya pili, penye yule mtu aliyepooza aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne. Nimehubiriwa habari hiyo tangu utoto, na sikuzote mahubiri yalikimbilia mwisho, aliposimama. Safari hii nilikwama katikati. Watu wale walipokuta mlango umejaa hawakumrudisha nyumbani wala hawakumwambia aongeze imani. Walipanda wakatoboa paa. Nyumba ilibomolewa kwanza ili mtu afike, na muujiza ukaja baadaye. Nikafikiri juu ya ngazi za kila mahali nilipopata kuachwa nje, nikaona kwamba dai la mzee wa fimbo nyeupe halipingani na Neno hata kidogo. Kisha nikawatazama wale wanne. Hawatajwi majina. Haikuandikwa kwamba yule mtu aliwarudia akawashukuru. Huenda alifanya hivyo. Mimi nilijua kwamba sikufanya.

Hapo upofu wangu ulinidhihirikia. Nilichostahili kwa haki nilikipokea kwa kuinamisha kichwa na kushukuru kwa kipaza sauti. Na nilichopewa bure, mgongo wa mtoto wa kike, ujana wake, shule ya bweni aliyoikosa, hicho nilikihesabu kuwa changu. Tena naona yote mawili yalitoka mahali pamoja: ambapo shule haikujenga mteremko, ni dada yangu aliyegeuzwa mteremko. Deni la serikali lililipwa na msichana, na kwa kuwa alilipa kimya, hakuna aliyejua kwamba lilikuwa deni.

Kabla sijapata ujasiri wa kumwambia hayo, simu iliingia ujumbe wa M-Pesa. Alikuwa ametuma pesa kupitia rafiki yake, na maelezo mafupi: ni za baiskeli ya mikono, usizile. Ndizo alizokuwa ameweka katika miezi yake ya kwanza ugenini, akilala saa chache, kwa mtu aliyemuaga kwa swali lile. Sikustahili hata kidogo. Fundi mmoja Mombasa alinitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono, yenye tairi nene zisizozama sana mchangani. Kwa mara ya kwanza nilifika lami peke yangu. Nikajifunza kutengeneza simu kwa kijana mmoja wa steji, na leo nina meza yangu hapo hapo.

Agosti 2019 karani wa sensa alirudi. Safari hii maswali yalikuwa tofauti: je, unapata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Nilimjibu mimi mwenyewe, miguu ikiwa wazi. Matokeo yalisema kwamba kati ya watu wa miaka 5 na zaidi, wenye ulemavu ni asilimia 2.2, kama laki tisa hivi. Watetezi wetu walilalamika kuwa wengi wameachwa. Najua kwamba maswali yalibadilika, lakini najua pia kazi inayoweza kufanywa na leso moja mkekani.

Jirani yangu mmoja ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Alikuwa akimfungia ndani kama nilivyofungiwa, na kwa sababu zilezile. Sikwenda kwake na habari za faini. Nilikwenda nikakaa naye, nikamsimulia habari za mamangu. Ilichukua muda mrefu. Mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna kadi, na bila kadi hakuna pa kuanzia. Tulirudishwa na kurudishwa. Kwenye mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, jina lake lilikaa likisubiri hadi tukakata tamaa, kisha likaingia. Shilingi 2,000 hazitoshi nepi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na mama yule anastahili isemwe. Lakini mtoto sasa hukaa barazani mchana, na watu humwita kwa jina lake.

Nimekuwa nikihudhuria pia mikutano ya maoni ya bajeti ya kaunti. Niliomba mteremko katika zahanati moja. Nilijibiwa kwa tabasamu, nikarudi mwaka mwingine, na mwingine. Ulipojengwa ulikuwa mkali kiasi kwamba hata mwenye kusukumwa huogopa. Mteremko ufaao, kwa kila sentimita 1 ya kimo, unahitaji sentimita 12 za urefu, na hakuna aliyemuuliza mtu wa kiti kabla ya kumwaga saruji. Nimerudi tena kuusemea. Kanisa letu, kwa upande wake, lilivunja ngazi zake bila mimi kurudia ombi, na lile neno baya nililowaambia wazee wale nimelitubu mbele yao.

Tarehe 8 Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake ulipelekwa bungeni na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Niliisoma kwenye simu pamoja na dada, ambaye alirudi nyumbani mwaka 2021. Tulipofika penye kuwataka waajiri watenge asilimia 5 ya kazi, aliniuliza swali la mama: nani atatumwa kuja kuwaambia watu?

Kuhusu kumshukuru dada, nilianza vibaya. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kwake niliomba kipaza sauti kanisani, nikasimulia yote, watu wakalia. Tulipofika nyumbani alikuwa amekasirika. "Ungeniambia mimi," alisema, "si kanisa." Alikuwa na haki. Basi nilimwambia yeye, jikoni, akipepeta mchele. Nikataja uwanja wa shule na takataka, shule ya bweni, usiku wa kukunja nguo. Alisikiliza hadi mwisho bila kunitazama. Kisha akasema kuna kozi ya ushonaji Malindi anayotaka kuisoma, na basari aliyoomba haikutosha. Karo iliyobaki huilipa meza ya simu. Kuna miezi inachelewa, na huwa namwambia mapema.

Nami nimejitwika ile kazi ya kutumwa, kwa kadiri ya baiskeli yangu. Kama uko Matsangoni, Roka, Chumani au Uyombo, na wewe ni kijana unayekaa nyuma ya nyumba wageni wakija, au ni mzazi uliyefunga mlango kwa kuogopa maneno ya watu, njoo steji. Uliza fundi wa simu mwenye baiskeli ya mikono. Beba kitambulisho chako, na ikiwa ni mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Kama cheti hakipo njoo hivyo hivyo, tutaanzia hapo. Yule anayekusukuma, njoo naye pia.